Nazipenda Anime Zinazojua Kuaga

Hotuba kwa wapenzi wa anime, kabla ya kutazama pamoja sehemu ya 24 ya Cowboy Bebop

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, hamjambo.

Nimeombwa niseme, kabla ya taa kuzimwa, ni anime zipi, yaani katuni za Kijapani, ninazozipenda kuliko zote na kwa nini. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Nikachukua karatasi, nikaandika majina ishirini na mawili, nikakata, nikaongeza, nikakata tena, usiku ukapita. Yalipobaki majina machache nikajaribu kitu: nikafumba macho, nikalitaja kila jina kimoyomoyo, nikangoja nione picha gani itatangulia kuja. Nilitarajia mapigano, maana mimi ni mtu wa mapigano, nimeyatazama hadi alfajiri mara nyingi tu. Haikuja hata ngumi moja. Kila jina lilikuja na mtu anayeaga.

Basi nitasema hilo. Nazipenda anime zinazojua kuaga. Na kwa kuwa huwezi kuzungumzia kuaga bila kugusa mwisho wa hadithi, naomba radhi mapema: nitawamalizia uhondo wa kazi kadhaa kubwa. Aliye katikati ya One Piece, Frieren au Violet Evergarden na hataki kujua, azibe masikio kidogo, mwenzake atamgusa bega nikimaliza.

Wengi wetu tulianza kutazama filamu tukiwa na kanuni moja kichwani: staringi hafi. Akipigwa, atainuka. Akidondoka kwenye jabali, kuna mti umemdaka. Tulipoingia kwenye anime tuliingia na kanuni hiyohiyo, na Dragon Ball ikaipeleka mbali zaidi, kwa sababu mle hata akifa, kuna mipira saba ya kukusanywa na joka la kuombwa. Naipenda Dragon Ball. Niliposikia kwamba mwandishi wake, Akira Toriyama, alifariki tarehe 1 Machi 2024, nilikaa siku nzima bila hamu ya kufanya kitu. Lakini hebu tukumbushane ni saa ipi hasa iliyoifanya Dragon Ball Z iwe Dragon Ball Z. Ni kule sayari ya Namek, adui Freeza anapomuinua angani Kuririn, rafiki wa staringi wetu Goku, na kumlipua. Kwa nini Goku anapasuka kwa hasira namna ile, nywele zinageuka dhahabu, ardhi inapasuka? Kwa sababu Kuririn alishawahi kufa na kufufuliwa na Shenron, joka lenyewe, mara moja, na Shenron hafufui mtu mmoja mara mbili. Kwa dakika zile, kwa mara ya kwanza, kifo kilikuwa kifo. Baadaye njia ilipatikana, Kuririn akarudi, na mimi kama mtoto nilifurahi. Ila kilele cha hadithi nzima kilisimama juu ya imani ya Goku kwamba rafiki yake hatamwona tena. Toeni imani hiyo, nywele zile ni rangi tu.

Ndiyo maana nina ugomvi wa miaka mingi na sehemu moja ya Naruto. Pain, adui anayeendeshwa na mtu aitwaye Nagato, anakisawazisha na ardhi kijiji cha kina Naruto, Konoha, mwalimu Kakashi anakufa, na mwandishi anatupa nafasi ya kulia. Halafu Nagato anabadili moyo na kuwarudishia uhai wote aliowaua pale kijijini. Najua wapo watakaonipinga, na sababu zao nazijua: msamaha ndio ujumbe wa Nagato, na asingeutoa uhai wake ujumbe ungepwaya. Sawa. Lakini nilijiona nimedaiwa machozi yangu yakiwa yameshamwagika. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hadithi inayoyazoa inaniambia kwamba hayakumwagika.

Na tazameni ajabu yake: kuna mmoja ambaye uhai ule haukumfikia, Jiraiya, mwalimu wa Naruto. Yeye alifia mbali, akazama baharini, akabaki huko. Na ni yeye tunayemkumbuka. Habari zinapofika, Naruto hapigi kelele nyingi. Baadaye usiku yuko peke yake kwenye benchi, chini ya taa ya barabarani, ameshika ile barafu tamu ya vijiti viwili ambayo zamani mwalimu wake aliikata katikati akampa nusu. Hailambi. Inayeyuka, inadondoka tone tone chini, na yeye anaitazama. Iruka, mwalimu wake wa utotoni, anakuja na kukaa karibu yake. Basi. Kati ya sehemu 500 za Shippuden, mfululizo wa pili wa Naruto, na vita vyote vile vya majini na mazimwi, mkiniambia nichague dakika tatu nitachagua barafu ile inayeyuka.

Sasa kuna mfululizo mmoja uliosimama kidete kwenye jambo hili kuanzia mwanzo, nao ni Fullmetal Alchemist. Mwandishi wake, Hiromu Arakawa, aliijenga hadithi yake juu ya sheria moja: aliyekufa harudi. Ndugu wawili, Edward na Alphonse, wanajaribu kumrudisha mama yao. Mmoja anapoteza mguu na kisha mkono, mwingine anapoteza mwili mzima. Hiyo ndiyo hadithi ya kufungulia mlango, na milango yote inayofuata imejengwa juu ya msingi huo. Ilitengenezwa anime mara mbili; mimi ni wa Brotherhood, ile ya 2009, ingawa namheshimu anayesimama na ya 2003. Hughes, afisa wa jeshi, anapokufa, anakufa kwenye kibanda cha simu akijaribu kumpigia rafiki yake Mustang. Simu inapokelewa, hakuna sauti. Makaburini binti yake mdogo anauliza kwa nini wanamfukia baba, baba ana kazi nyingi, hatazimaliza. Baadaye Mustang anasimama mbele ya kaburi, anavaa kofia, anasema mvua imeanza kunyesha. Msaidizi wake, Hawkeye, anatazama juu, anga ni nyeupe. Anamwambia hakuna mvua. Mustang anasema: ipo. Hughes hakuaga mtu. Huzuni yake yote iko hapo, kwamba mtu aliyependa kuongea kuliko wote alikatwa akiwa kwenye simu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye neno letu wenyewe, neno ninalolipenda sana: buriani.

Kwaheri ni dua. Unamtakia mwenzako heri, unaondoka. Buriani ni nzito kuliko kwaheri. Watu wanapopeana buriani wanaombana radhi: nilichokukosea nisamehe, ulichonikosea nimekusamehe, tusidaiane. Ndiyo sababu hatuitumii ovyo. Na nitawaambia ukweli, buriani kamili kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye skrini, watu hawakuagana wao kwa wao. Waliagana na meli.

Mnaijua. One Piece, ile hadithi ya maharamia wa nahodha Luffy, sehemu ya 312.

Nilikuwa nikiitazama One Piece na dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenianzishia, ndiye aliyenikataza kuruka nyimbo za mwanzo. Baadaye alihama kwa ajili ya kazi, tukawa tunaitazama kila mtu alipo, simu ikiwa masikioni, tunahesabu moja, mbili, tatu, tunabonyeza pamoja ili tusipishane hata sekunde. Tulivumilia ugomvi wote wa Water 7 namna hiyo. Nao ugomvi ule, kwa wasioukumbuka, ulianza kwa sababu mafundi walisema uti wa mgongo wa meli yao, Going Merry, umevunjika na hautengenezeki. Luffy kama nahodha akaamua kuibadili meli. Usopp, ambaye meli ile ilitoka kijijini kwao, alipewa na rafiki yake Kaya, hakuweza kukubali. Wakapigana, marafiki wawili, kwa ngumi na mabomu, usiku, mbele ya meli yenyewe. Usopp akaliacha kundi.

Kisha ikaja vita ya Enies Lobby, kisiwa cha serikali. Kundi limebanwa, hakuna pa kukimbilia, makombora yanaangukia kila upande, na wanasikia sauti ikiwaita: angalieni chini. Merry imekuja. Hakuna aliyekuwa kwenye usukani. Imekuja yenyewe kuwachukua. Inawatoa motoni, inawafikisha bahari tulivu, wanakutana na meli ya mafundi, wanashangilia, na hapo hapo, katikati ya shangwe, mbele ya meli inakatika. Kile kichwa cha kondoo kinainama.

Iceburg, fundi mkuu, anawaambia kwamba meli hii imeshafanya kuliko ilivyoweza. Luffy anaelewa. Anashuka kwenye mtumbwi mdogo na mwenge mkononi. Anaiambia Merry kwamba chini ya bahari kuna giza na upweke, kwa hiyo wao watakuwa hapo hadi mwisho. Mimi kila nikiifikia kauli hiyo nasikia neno letu: tutakusindikiza. Ndivyo inavyofanyiwa heshima mtu anayeondoka. Humwachi mlangoni, unatembea naye kipande.

Moto unashika. Theluji inaanza kudondoka. Usopp yupo, ila amevaa kinyago chake cha Sogeking, kwa sababu bado hajarudi rasmi kundini. Mmoja wao anasema labda ni heri Usopp hayupo, asingestahimili. Mwenye kinyago anajibu kwamba saa ya kuachana hufika, na hata chozi moja halipaswi kudondoka. Machozi yanashuka chini ya kinyago. Wote wanajua. Hakuna anayesema.

Halafu meli inaongea. Na neno lake la kwanza ni kuomba radhi. Inasema samahani, nilitaka kuwabeba mbele zaidi kidogo. Nilitaka kusafiri nanyi siku zote. Na Luffy, yule Luffy asiyejua kuomba radhi kwa mtu, anaanza kupiga kelele huku makamasi yanamtoka: sisi ndio wa kuomba radhi! Mimi sijui kushika usukani, nilikugongesha barafuni. Matanga niliyachana. Zoro na Sanji ni wapumbavu, walikuvunja vitu. Usopp alikuwa anakutengeneza lakini si fundi. Anayaorodhesha makosa yao yote, dogo kwa kubwa, kama anavyofanya mtu anayeogopa kubaki na deni. Na meli inamjibu kwamba ilikuwa na furaha.

Hiyo ndiyo buriani. Huyu anaomba radhi, yule anaomba radhi, wanasameheana, wanaachana. Eiichiro Oda, mwandishi wa One Piece, hajui neno hilo, ila jambo lenyewe analijua barabara. Siku ile sauti ilipokatika nilisikia upande wa pili wa simu kimya. Nikamwita dada. Hakuitika. Nikasikia anapenga kamasi, kisha akakata simu bila kuniaga, akanitumia ujumbe asubuhi yake: "Samahani, ningelia." Hadi leo hatujawahi kuizungumza sehemu ile kwa sauti.

Ukishaijua buriani, unaweza kuelewa kwa nini Frieren inauma. Frieren ni anime ya buriani iliyokosekana. Sehemu nne za kwanza zilioneshwa kwa mpigo usiku wa tarehe 29 Septemba 2023, na ndani ya ile ya kwanza tu kila kitu kimeshatokea: mashujaa wanne wamemshinda Mfalme wa Mashetani, wamerudi, wameachana, na miaka 50 imepita. Himmel amekuwa kizee mfupi mwenye upara na ndevu. Frieren, ambaye ni elf, kiumbe wa hadithi anayeishi muda mrefu mno, na ameishi zaidi ya miaka elfu, hajabadilika hata unywele. Kwake safari ya miaka kumi waliyosafiri pamoja ni kama wiki moja. Himmel anafariki. Kwenye mazishi watu wananong'ona kwamba huyu mwanamke hana hata chozi. Frieren anasema hata hakumjua vizuri, walisafiri miaka kumi tu. Ndipo sauti inapomkatika: alijua kwamba maisha ya binadamu ni mafupi, kwa nini basi hakujitahidi kumjua zaidi?

Sehemu nyingine 27 za msimu wa kwanza ni kulipa deni hilo. Anakwenda kaskazini ya mbali, mahali roho zinapopumzika, ili aongee na Himmel japo mara moja. Kwa hiyo hadithi inaanza pale ambapo hadithi nyingine zote zinaishia. Lakini kinachonifunga si safari kubwa, ni vitu vidogo njiani. Kijiji kimoja kina sanamu ya Himmel iliyoota magugu. Frieren anataka kuotesha kuizunguka ua la bluu la kwao Himmel, ua ambalo watu walidhani limetoweka. Anaweza kuotesha ua lolote kwa uchawi, ila lazima kwanza alione. Anakaa hapo kwa miezi akilitafuta. Mwanafunzi wake, Fern, ambaye ni binadamu na siku zake zinahesabika, anaanza kuwa na wasiwasi kwamba mwalimu wake anaweza kutafuta hata miaka kumi bila kuhisi. Na hapo hapo, kwenye wasiwasi wa Fern, unaona kosa lilelile likitaka kujirudia. Mwongozaji Keiichirō Saitō haongezi muziki wa kuliza. Anaonesha tu mabega ya Fern.

Wanaoniambia Frieren inapooza nawaomba waitazame tena sehemu ya pili wakiwa wametulia.

Sasa nije kwa ile ninayoiona kuwa sehemu moja bora kuliko zote, ukitenga mifululizo na kuhesabu sehemu mojamoja. Ni ya 10 ya Violet Evergarden, mwaka 2018. Violet alikuwa askari, mikono yake ni ya chuma, vita vimekwisha na anafanya kazi ya kuwaandikia watu barua. Anaitwa kwenye nyumba ya mama mgonjwa mwenye binti wa miaka saba, Ann. Kwa siku saba mama anatamka maneno ya barua, Violet anapiga chapa, na Ann haruhusiwi kuingia. Mtoto anaona mgeni amekuja kumwibia mama. Amebakiwa na mama siku chache, na siku hizo zinamezwa na barua za mtu asiyemjua. Anakasirika, analia, anakimbia nje. Violet anamfuata na anashindwa kumwambia siri, kwa sababu siri si yake. Anachoweza ni kumwonesha mikono yake: kama ambavyo mikono hii haiwezi kuwa laini kama yako, ugonjwa wa mama nao hauwezi kubadilishwa na mtu.

Mama anafariki. Ann anatimiza miaka minane, anabisha hodi mtu wa posta. Barua. Kisha miaka inapita mbele ya macho yetu, Ann anakua, anaolewa, na kila siku yake ya kuzaliwa inakuja barua, barua 50 kwa miaka 50. Mama hakuaga mara moja, aliaga mara hamsini. Kisha tunarudishwa ofisini kwa Violet, amemaliza kazi, na anawaambia wenzake kwamba alijizuia kulia kwa siku zote saba. Yule askari asiyejua hata maana ya kupenda analia kwa ajili ya mtoto aliyebaki peke yake kwenye nyumba kubwa.

Kazi hii ilitengenezwa na Kyoto Animation. Tarehe 18 Julai 2019 mtu aliichoma studio yao moto, watu 36 wakapoteza maisha. Septemba mwaka huohuo filamu ya kando ya Violet Evergarden, iliyokuwa imeshakamilika, ilitoka kwenye majumba ya sinema, na mwishoni yakapita majina ya wote walioifanyia kazi, walio hai na wasiokuwepo. Watu waliotuchorea barua za marehemu kuwafikia walio hai. Tangu nijue habari hiyo siondoki majina yakianza kupita. Siwezi.

Upande wa filamu nitakuwa mfupi, ila kuna mambo siwezi kuyaruka. Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, 1988, nimeitazama mara moja tu na inatosha. Inaanza na kijana Seita akifa kituo cha reli, tunajua mwisho tangu dakika ya kwanza, na bado tunakaa tukiomba usifike. Kopo lile la peremende, ambalo mfagizi analitupa kichakani bila kujua limebeba mifupa ya nani, ndilo kaburi pekee la Setsuko, mdogo wake Seita. Ilitoka siku moja na My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, watazamaji walizitazama kwa mfuatano. Sijui walirudije nyumbani.

Spirited Away ya 2001 imeandikwa sana kwa ajili ya Oscar na dubu la dhahabu la Berlin. Mimi nazungumzia mkono. Chihiro na Haku wanashuka kwa kukimbia hadi kwenye nyasi, Haku anamwambia asigeuke nyuma hadi atoke nje ya handaki. Anaahidi watakutana tena. Chihiro anakwenda, na picha haimfuati; inabaki na mkono wa Haku ulio wazi, umenyooka, umeachiwa. Kisha handakini Chihiro anamng'ang'ania mama yake, na mama anamwambia maneno yaleyale aliyomwambia walipoingia: usining'ang'anie hivyo, natembea kwa shida. Mama hajabadilika, hajui kitu. Ila utepe wa nywele unameta.

Takahata alifariki Aprili 2018. Mwezi uliofuata walimuaga kwenye Jumba la Makumbusho la Ghibli, studio yao, huko Mitaka, na Miyazaki akasimama kuzungumza. Alimwita kwa jina lake la utani, Paku-san, akakumbuka walivyokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1963, kituo cha basi, mvua ikiwa imetoka kukatika. Akamshukuru kwa kumsemesha siku ile. Miaka 55 ya urafiki na ushindani, na alichokishika mwisho ni kituo cha basi na mvua. Mkumbuke ni nani aliyetuchorea Totoro amesimama kituo cha basi kwenye mvua, ameshika mwavuli. Halafu mwaka 2023, akiwa na miaka 82, akatoa The Boy and the Heron, yenye mzee mnarani anayetaka kumrithisha kijana dunia aliyoijenga. Mtayarishaji wao, Toshio Suzuki, amesema wazi kwamba mzee yule ni Takahata. Kijana anakataa urithi na kurudi nyumbani. Wengi walitoka wamechanganyikiwa na filamu ile. Ukiitazama kama buriani ya mtu kwa rafiki yake, fundo linafunguka.

Wa Demon Slayer msinune, sijawasahau. Mugen Train ya 2020 iliipiku Spirited Away ikawa filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote zilizowahi kuoneshwa Japani, na haikupata hivyo kwa treni. Ilipata kwa mpiganaji Rengoku anayekufa jua linachomoza, akituma salamu kwa mdogo wake na kwa baba yake, kisha anamwona mama yake na kumuuliza kama alifanya vizuri. Na wa Hunter x Hunter: Meruem, mfalme mla watu, kipofu sasa kwa sumu, akicheza gungi, mchezo wa ubao, na msichana Komugi na kuuliza kila mara, "Komugi, upo?" Nipo, anajibu. Hilo nalo mnalijua.

Lalamiko langu ni moja. Kuna mifululizo mingi inayokwenda bila kuaga kabisa. Msimu unaishia katikati ya sentensi, watengenezaji wananyamaza, miaka sita inapita, na sisi tumebaki mlangoni na vyombo vya chai mkononi. Kuna nyingine inavutwa na kuvutwa hadi aliyekuwa anakufa amekufa mara nne. Kati ya hizo mbili nachagua ya kwanza, angalau haijanidanganya.

Evangelion ndiyo iliyonifundisha kusubiri. Ilianza tarehe 4 Oktoba 1995, ikaishia kwa namna iliyowakasirisha wengi, ikajaribu kuishia tena 1997, na mwisho kabisa, 2021, Hideaki Anno akaifunga kwa filamu ya dakika 155. Nilikaa nikitarajia maroboti. Kinachonikaa hadi leo ni kijiji cha wakulima, ambapo Rei, asiyejua chochote cha maisha ya kawaida, anafundishwa na mama mmoja maana ya maneno madogo. Asubuhi njema ni nini. Asante ni nini. Anapouliza sayonara ni nini, anaambiwa ni kinga ndogo ya kutamka ili mpate kuonana tena. Nikasimamisha filamu. Sisi hatuhitaji kuelezwa hilo, tunalisema kila siku bila kufikiri: kwaheri ya kuonana.

Na sasa tuingie kwenye ya leo. Cowboy Bebop, Shinichirō Watanabe, 1998, sehemu 26 tu. Walioiona wanajua inakwenda wapi, wasiwaambie wenzao. Tunaitazama ya 24. Kuna mwanamke anachora mstatili ardhini kwa kijiti. Msiulize kwa nini, tazameni anachofanya baadaye. Kuna maneno yamechorwa kwenye sitaha ya meli yao ya angani. Kuna mayai ya kuchemsha. Wakati wa mayai msiongee, tafadhali, hata mwenye kiu avumilie. Hakuna atakayesema neno la kuaga kwenye dakika zile, na mtaona midomo inaweza kufanya nini badala ya kusema.

Dada yangu yuko kwenye simu, amekwishafungua yake huko aliko. Nikihesabu tatu, aliye karibu na taa azizime. Na majina yakianza kupita mwishoni, naomba tubaki tumekaa hadi lipite la mwisho.

Moja. Mbili.